Presha Sina, Mungu ni Mwema

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimeanza kuandika shajara. Watu wakubwa huwa nazo, na mimi kufikia Agosti nitakuwa mkubwa.

Kozi imefunguliwa leo! Biolojia ya Mwili wa Binadamu, kwa mtandao, wiki kumi na mbili. Watakaofaulu watafikiriwa kwa kazi ya chumba cha rekodi, kituo cha afya kule Kulesa. Meza. Feni. Kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Kwangu hii ni mara ya pili na ya mwisho. Mara ya kwanza niliondolewa kwa utoro, ingawa mwili wangu ulikuwa nyumbani muda wote.

Pauline, mke wangu, ameuliza kama safari hii nitamaliza. Nimemwambia hilo ni swali la mtu asiyeamini. Akasema anaamini, ila bado anawakumbuka wale sungura niliowafuga. Sungura wanaingiaje hapa? Walikuwa arobaini, halafu hawakuwa. Basi. Akajifunga kitambaa kichwani, akakikaza kabisa, maana kichwa kinamuuma tena, akaenda kukaanga mahamri yake pale steji ya matatu. Nimemshauri anywe maji.

Masharti ya kozi yametumwa. Kurasa tisa! Mwalimu wetu, Madam Tasnim, anaonekana ni mtu aliyewahi kudanganywa sana. Kamera iwe wazi wakati wa somo. Kazi ikichelewa siku moja, alama kumi zinakatwa. Anayeumwa alete barua ya hospitali yenye jina lake. Na maabara inafanyiwa nyumbani: kila mwanafunzi ajipime mwili wake mwenyewe. Atakayeleta vipimo vya mtu mwingine atapata sufuri, na akirudia anaondolewa.

Nimeyasoma yote kwa makini, nikitafuta mahali penye mwanya.

Jumanne, 6 Mei

Aibu tupu.

Asubuhi tulijaza fomu ya kujitambulisha. Jina: Gershom. Umri: arobaini na tatu. Presha: hapo nikaandika kama mtu yeyote mwenye akili timamu angeandika. "Sina, Mungu ni mwema."

Madam amenijibu mbele ya kundi zima, watu thelathini na wanne. Amesema kila mtu aliye hai ana presha, kwa kuwa presha ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Kwamba tunachopaswa kujua ni kiasi chake. Mtu asiye na presha kabisa, amesema, ni maiti.

Kisha Abdulmalik! Huyu ni mtu wa Kipini, ana duka la simu hapa Garsen, na kazi ya Kulesa anaitaka yeye pia. Akaandika kwenye kundi kwamba amepokea kwa huzuni habari za ndugu yetu Gershom, na anauliza mazishi ni saa ngapi ili afunge duka. Watu kumi na tisa wakacheka kwa vikaragosi. Nimewahesabu, majina yao ninayo.

Ningependa kujua tangu lini maneno yakabadilika. Maisha yangu yote, mwenye presha ni mgonjwa na asiye na presha ni mzima. Mama mkwe wangu hakuwa na presha. Alikuwa akisema hivyo mwenyewe, na kila mtu alimwamini, mpaka siku alipoanguka kwenye shamba la mpunga akiwa na miaka arobaini na sita. Hakuamka.

Jumatano, 7 Mei

Tumegawiwa mashine. Kila mwanafunzi moja, ya kuazima. Maabara ya kwanza: kujipima presha asubuhi na jioni kwa siku saba, kuanzia kesho, na kupiga picha ya mkono ukiwa na mashine.

Nimeijaribu mara moja. Inabana mkono kana kwamba imenikamata na kosa. Na masharti yake! Uamke mapema, ukae kimya dakika tano, usizungumze, na chai usiinywe kabla ya kupima. Mimi bila chai si mtu wa kupimwa, ni mtu wa kuzikwa. Abdulmalik angefurahi.

Ndipo mpango ukanijia. Pauline huamka saa kumi na moja kila siku. Huwa hanywi chai mpaka unga umeumuka. Na kukaa kimya ni kipaji chake, hasa akinikasirikia. Nikamwambia mashine hizi ni mpya, zinataka kuzoeshwa na mtu mtulivu kabla mwanafunzi hajazitumia. Akauliza inazoeshwa siku ngapi. Nikamwambia saba.

Amekubali. Wakati mwingine nadhani nilimaliza bahati yangu yote siku niliyompata huyu mwanamke, ndiyo maana sungura walikufa.

Jumamosi, 10 Mei

Mashine inaendelea vizuri. Pauline anapima, anapiga picha, anaandika nambari kwenye karatasi ya daftari. Mimi naikuta karatasi mezani, nanakili kwenye fomu. Nambari sizichunguzi. Kuzichunguza ni kazi ya mwalimu, yeye ndiye anayelipwa.

Tatizo ni jukwaa la majadiliano. Kila wiki lazima tujibu hoja za wenzetu wawili, kwa maneno yasiyopungua hamsini. Abdulmalik ameandika juu ya moyo kwa Kiswahili chao cha Kipini, laini kama halua ya Idi, na Madam amemsifu. Nikalazimika kumjibu. Nimemsalimia yeye, wazazi wake, duka lake, majirani wa duka lake, nikamtakia heri ya msimu wa mvua, nikafikisha maneno arobaini na tisa. La hamsini nikaandika: "Nimekubali."

Madam amesema salamu hazihesabiwi. Kwa hiyo hoja yangu ina neno moja.

Pauline amerudi mapema kutoka steji. Amesema aliona giza alipoinama kwenye karai, akashikwa na mwenzake. Nimemwambia ni joto la mafuta.

Jumatano, 14 Mei

Nimewasilisha! Vipimo kumi na vinne, picha kumi na nne, jina langu juu. Saa mbili usiku, kabla ya Abdulmalik, ambaye nimesikia bado anahangaika na betri. Nimejilaza kwenye mkeka nikitafakari ile feni ya Kulesa. Sijui itakuwa ya mezani au ya darini.

Alhamisi, 15 Mei, asubuhi

Madam Tasnim amenipigia simu mwenyewe! Sauti yake haikuwa ya masharti. Ameuliza nipo wapi, nimekaa au nimesimama, kichwa kinauma, naona vizuri? Amesema vipimo vyangu vyote viko juu, asubuhi na jioni, kwamba cha jana ni mia moja sabini na nne kwa mia moja na nane, na mtu wa namna hiyo hapaswi kungoja hata siku moja. Niende hospitali sasa hivi. Kazi zote zitanisubiri, hata mtihani wa Jumatatu, mradi nilete barua.

Mtihani umeahirishwa! Na sijasoma hata ukurasa mmoja! Nimemshukuru kwa sauti dhaifu. Nimekohoa pia, ingawa sina hakika kama presha inakohoza.

Nimeweka simu chini nikicheka peke yangu.

Halafu nikamwona Pauline mlangoni. Amekaa kwenye kigoda, kitambaa kimekazwa kichwani, mkono mmoja juu ya macho. Jiko halijawashwa. Leo hakwenda steji, na mimi sikuwa nimeliona hilo.

Nikaacha kucheka. Ni mwaka huu Pauline atafikisha arobaini na sita, umri ule wa mama yake.

Alhamisi hiyohiyo, jioni

Sikumwambia. Naandika ukweli hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilimwambia Pauline kwamba mimi ndiye mgonjwa, mwalimu kanituma hospitali ya Ngao, na naogopa kwenda peke yangu. Akaacha kila kitu. Akachukua leso, akachukua kadi yangu, akamwita mtu wa pikipiki. Njia nzima, kwenye matope yote yale, alikuwa amenishika kiunoni nisianguke. Yeye! Mimi nikageuza uso upande wa mashamba asiuone.

Daktari, msichana mdogo mwenye haraka, akanipima. Mia moja kumi na nane kwa sabini na sita. Akasema niko safi kuliko yeye. Nikampa ile karatasi yenye vipimo. Akaisoma, akaangalia jina langu kwenye kadi, akaniangalia mimi, akasoma tena. Akauliza hivi ni vya nani.

Mpango wangu ulikuwa kusema kwamba mashine ni mbovu, halafu kwa mzaha niombe mke wangu apimwe pia. Mpango mzuri. Lakini sikuutumia. Nikanyoosha kidole tu, nikamwonyesha Pauline.

Akapimwa. Mara ya kwanza mia moja themanini. Daktari akamlaza kidogo, akampima tena, mia moja sabini na sita. Akasema mtu mwingine angerudishwa nyumbani aje siku nyingine, maana wapo wanaopandishwa presha na kuiona hospitali tu. Ila karatasi hii ya siku saba inaonyesha wazi kwamba ni ugonjwa, na dawa zianze leo. Akasema aliyepima amefanya kazi nzuri.

Pauline hakuniangalia. Akauliza kwa upole tu, kwa hiyo mashine imeshazoea?

Na hapo Madam akapiga simu tena, kujua hali ya mgonjwa. Nilikuwa natafuta maneno. Pauline akaichukua simu mkononi mwangu, akajitambulisha, akasema: madam, hizo presha ni zangu. Akaeleza yote, kigoda, unga, siku saba. Hakuongeza chumvi na hakunisema vibaya. Madam akasema bangili kwenye picha ilikuwa imemtatiza, lakini nambari zilimtisha zaidi.

Nilitoka nje nikakaa karibu na bomba la maji. Nililia. Miaka kumi na minane namjua anavyopenda samaki wake, namjua anavyokohoa akitaka niache kusema. Vipimo kumi na vinne vya damu yake nilivinakili kwa mkono wangu mwenyewe, kalamu ya buluu, na sikusoma hata kimoja.

Ijumaa, 16 Mei

Hukumu. Maabara ya kwanza: sufuri. Onyo limeandikwa kwenye faili langu: nikirudia, naondolewa. Barua ya hospitali haikubaliki kwa sababu ina jina la Pauline, kwa hiyo mtihani ni Jumatatu kama kawaida. Madam amesema kama mtu aliyesikitika kuniadhibu, ila masharti ni masharti, na ameomba nimpe Pauline salamu zake. Salamu hizo, nadhani, zinahesabiwa.

Abdulmalik amekuja nyumbani jioni. Nilijiandaa kuchekwa. Ameleta betri nne za mashine, akamwambia Pauline asihangaike kutafuta, dukani zipo. Akauliza hali yake kwa dakika ishirini. Hakutaja mazishi. Nimekasirika sana, sijui kwa nini.

Jumatatu, 26 Mei

Mtihani nilipata arobaini na moja. Bado nimo!

Pauline anaendelea vizuri. Dawa anameza saa moja asubuhi, mimi ndiye ninayempelekea maji. Chumvi tumepunguza, mboga zina ladha ya adabu. Juzi presha yake ilikuwa mia moja thelathini na sita. Nilisoma mwenyewe, mara tatu, nikampigia kelele jirani.

Daktari alimwagiza apumzike mchana, naye hulala kwenye mkeka kuanzia saa nane. Mimi hukaa karibu. Ni kwa sababu siamini kama ataamka. Akitulia sana namwekea mkono mbele ya pua. Kisha naangalia kifua chake kikipanda na kushuka, nahesabu kwa saa ya simu, dakika baada ya dakika. Kumi na sita. Kumi na tano. Kumi na sita. Sasa ni siku kumi nahesabu, na nimeandika zote, sikuruka hata moja. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii namna hii tangu nizaliwe.

Leo maabara ya pili imetangazwa. Upumuaji! Mwanafunzi ahesabu pumzi zake akiwa amepumzika, siku tano, dakika tatu kila siku.

Nimejaribu zangu. Nikianza kuhesabu, zinabadilika. Zangu haziaminiki kabisa. Lakini daftari ninalo hapa, siku kumi, mara mbili ya walizoomba, na safari hii nimehesabu mwenyewe, kwa macho yangu mwenyewe. Sasa hapo kosa liko wapi?

Nimeandika jina langu juu. Nimewasilisha saa tisa kamili, wa kwanza darasani. Pauline bado amelala. Kumi na sita.