Kihisi Mwongo na Fundi Anayemtaka Binti Yangu

Kwa Ndugu Mhariri,
Gazeti letu la Bondeni, Rampur.

Namaste, na pole kwa kazi. Mimi ni Beli Ram Negi, mkulima wa tufaha. Naomba nafasi ndogo gazetini nitangaze kwamba posa ya binti yangu Hiramani imevunjika, na nieleze sababu, maana watu wameanza kuniita mkorofi.

Mwenye posa ni Chaman, fundi wa magari. Nilimwambia kiungwana: "Pikapu yangu inawaka taa ya chungwa na haipandi mlima. Izime hiyo taa, binti ni wako." Sasa ona maajabu:

1. Alichomeka kompyuta yake, akasema chujio la moshi kwenye ekzosi ni safi kabisa. Kinachopiga kelele ni kihisi kidogo kinachopima presha ya moshi kwenye chujio hilo. Injini imezimwa, moshi hakuna, nacho bado kinadai kuna presha, na injini inakiamini, inajipunguzia nguvu! Mhariri, kwenye baraza la kijiji mwongo wa namna hii tungemtoa nje. Nikapendekeza kipelekwe polisi. Chaman akacheka. Hapo nilimwondolea alama.

2. Akaleta kihisi kipya, kwa gharama yake. Kikasema uongo uleule! Ni wazi vihisi hivyo viwili vilishaongea. Siku hiyohiyo jirani yangu Mama Prem alinipita kwenye kona ya hekalu na nyumbu wake, akaniuliza, "Baba Hira, tukuvute?" Mimi, mwenye dizeli!

3. Akachomoa mipira miwili inayokiletea kihisi presha. Kikasoma sifuri, kimetulia kama mtoto aliyeshiba. "Baba, kihisi ni kizima," akasema. "Ubaya uko kwenye mpira." Akainama, kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Hizi ndimu zako, naweza kuzisogeza kidogo?"

Ndimu zangu! Kila Jumamosi nafunga ndimu na pilipili mpya kwa uzi mweusi, kukinga gari na husuda, na nazifunga ndani ya boneti kwa sababu nje tumbili wanaiba. Tena nakaza kwelikweli. Nikamwambia, "Wewe tengeneza gari, ndimu niachie mimi." Akajibu, "Sawa, Baba," akafunga boneti. Gari limemshinda, sasa anataka kuhamisha ndimu!

4. Tangu nimfukuze, Hiramani hasemi nami. Mkate wetu wa mvuke, siddu, ananipikia, lakini mezani samli ya kuulia haipo. Mkate mkavu, Mhariri, kwa baba mzazi. Usiku namsikia analia na mimi roho inaniuma, lakini neno nimeshalitoa.

Kwa hiyo naomba serikali ipige marufuku vihisi vyote, madereva wapime presha kwa pua kama zamani, na fundi yeyote asioe mpaka taa zote za wilaya zizimike.

Nisalimie wachapaji, wauza magazeti na mama watoto wako.

Wako katika haki,
Beli Ram Negi

N.B. Yote ya juu usiyachape. Naituma barua kwa kuwa stempu nimeshailamba. Nilipokuwa nikiitafuta, Hiramani alifungua boneti akaukata uzi wangu kwa meno. Kumbe niliufunga kwenye mpira wa kihisi, nikaukaba koo, presha ikakosa pa kutokea. Akamwita Chaman, naye akaizima ile taa kwa kompyuta yake, na pikapu imepanda hadi hekaluni bila kukohoa.

Nilikuwa nyuma ya mlango Hiramani alipomuuliza, "Uliuona uzi tangu siku ile?"

"Niliuona."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie baba yako mwenye kuliharibu gari ni yeye? Mke ningempata wapi?"

Aibu ilinishika, nikakaa hukohuko nyuma ya mlango mpaka chai ikapoa. Tangaza basi kwamba harusi ni baada ya mavuno, nawe karibu sana. Samli imerudi mezani. Gari la bibi harusi ni pikapu hiyohiyo, na ndimu nimemwachia Chaman.