Jinsi Gari Jeusi la Mzee Nukta Lilivyokauka

Sogeeni, enyi mliokaa na mliosimama, na mwenye sufuria mekoni apunguze moto, kwani habari hii haisimuliwi kwa pupa. Wengine wamesifu walioteka miji na kuvunja ngome. Sisi leo tunamtaja mtu aliyekausha gari, akalikausha lote, tangu paa hata vizingiti vya milango, na rangi yake isipate mchubuko hata wa unywele.

Gari lenyewe lilikuwa jeusi. Gari jeupe husitiri, jeusi husema. Mwenyewe alikuwa mpima ardhi mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Nukta, kwa kuwa jicho lake, lililozoea kutafuta vigingi vya mipaka vichakani, halikupitwa na nukta. Alikuwa na mabinti wawili, na kwa hiyo wakwe wawili. Mkwe wa kwanza alipata kulifuta gari hilo kwa shati kuukuu lisilotolewa vifungo, akaacha juu ya boneti mstari mrefu kama njia ya siafu; na tangu siku hiyo, katika nyumba ile, jina alilopewa na wazazi wake lilikufa. Akawa Yule wa Boneti. Alileta sukari, imeletwa na Yule wa Boneti. Alipata mtoto, mtoto ni wa Yule wa Boneti.

Mkwe wa Pili, ndiye shujaa wetu, hakuwa na jina lolote. Ndoa yake ilikuwa inakwenda mwaka wa tatu, na mzee bado alimwita mgeni. "Mgeni ameamka?" "Mpeni mgeni kiti." Kiti alipewa, na chai alipewa, ila hakuna kitu kinachochosha mgongo kama kiti cha mgeni ukikikalia miaka mitatu. Basi asubuhi ile mzee alipokamatwa na kiuno, akalala akinung'unika kwamba gari lina vumbi na kesho ana safari, Mkwe wa Pili alisimama mlangoni mwa chumba, akanena:

"Baba, ukiniridhia, gari nitaliosha mimi na kulikausha mimi. Likipata alama, jina lolote utakaloniita nitaliitikia."

Mzee akageuza shingo tu, kwani kiuno kilikataa. "Kuosha si kazi, mgeni. Hata mvua huosha. Kazi ni kukausha."

Hapo ndipo vita vilipotangazwa.

Mashujaa wa kale, wakienda vitani, walivaa. Huyu alivua. Alivua saa, asije akakwaruza mlango. Akavua mkanda wenye bizimu ya chuma, asije akaegemea. Akavua pete ya ndoa na kuiweka kiganjani mwa mkewe kama mtu anayeacha wosia.

"Unakwenda wapi?" mkewe akauliza.

"Uani."

"Basi angalia suruali isikudondoke mbele ya wakweo."

Kuosha kulipita salama. Mwisho alikitoa kichwa cha mpira wa maji, ili maji yatoke kama shuka na si kama risasi, nayo yakateremka kutoka paani yakikokota matone wenzao. Yaliyosalia ndiyo yaliyokuwa vita. Maana jua lilikuwa limekwisha kupanda ukuta wa jirani, na tone likikaukia juu ya rangi nyeusi huacha duara la chokaa. Duara haliondoki bila kusuguliwa, na kusugua ndiko kukwaruza kwenyewe.

Silaha zake zilikuwa vitambaa viwili laini, vyenye manyoya mafupi kama sikio la paka. Cha kwanza kilimponyoka akikikung'uta, kikaanguka chini. Mwingine angekiokota, akakipuliza, akaendelea. Yeye alikitazama pale mchangani kama amiri amtazamavyo askari aliyeanguka, kwani chembe moja ya mchanga ndani ya manyoya yale ni kisu. Akakiacha palepale, akabaki na kimoja.

Akakitandaza juu ya paa, akakivuta kwa ncha mbili kuja kwake, taratibu, kwa mstari ulionyoka, bila kukandamiza. Paa likatekwa. Kioo cha mbele kikasalimu amri. Alikuwa ndiyo kwanza anaikabili boneti, ile yenye kovu la mtangulizi wake, mlango wa jikoni ulipofunguka na kutoka Mama Mkwe, na mkononi tambara ambalo asubuhi hiyo lilikuwa limesugua masizi ya sufuria.

"Utahangaika peke yako mpaka lini, mkwe wangu? Jua hilo linakuja. Sogea nikusaidie."

Jua hukimbiwa, mchanga huachwa, lakini mama mkwe hakatazwi. Tambara lilikuwa limekwisha kuinuliwa juu ya mlango wa dereva, na Mkwe wa Pili akajisikia tayari anaitwa Yule wa Mlango.

"Mama," akasema, "tambara lenye nguvu kama hilo tusilipoteze milangoni. Nipe mimi nilipeleke kwenye matairi, kwenye matope. Wewe shika hiki."

Hivyo ndivyo alivyoutoa upanga wake wa pekee.

Mama Mkwe akakipima kitambaa kiganjani. "Hiki hata kijiko hakikaushi." Lakini akakichukua, akatanua miguu na kushusha bega, kama mtu anayekabili ukoko.

Kumfundisha mama mkwe nako ni kumkataza kwa mlango wa nyuma. Mkwe wa Pili alikwisha kupiga magoti mbele ya tairi, hakuinua macho.

"Mama, hivi mke wangu alipokuwa mchanga, ukimaliza kumwogesha ulimkaushaje?"

Mkono ukasimama hewani.

"Yule? Yule alikuwa na ngozi kama utando wa yai. Dada yake ungemkausha hata kwa mkeka. Yule nilikuwa namwekea kitambaa, nabonyeza, naondoa. Mtoto hasuguliwi, baba."

"Unabonyeza vipi?"

"Si ndiyo hivi." Akaonyesha kwenye boneti.

Akiisha kuanza hakuacha. Aliweka, akabonyeza, akaondoa. Alikausha milango kama mapaja ya kichanga, akapenyeza ncha nyuma ya vioo vya pembeni, "maana maji hujificha hapa, kama nyuma ya masikio," na huku anasimulia homa, na jino la kwanza, na usiku ambao yule mtoto hakulala. Jua lilipoliangukia gari halikukuta tone. Na shujaa wetu alikuwa chini, goti limelowa, anafuta tairi la mwisho kwa tambara la masizi.

Ndipo Mzee Nukta akatoka, ameshika kiuno. Akalizunguka gari. Akainama kadiri alivyoruhusiwa, akaitazama rangi kwa ubavu, mwanga ukiwa mbele yake, kama alivyokuwa akitazama mstari wa mpaka. Akalikuta kovu la Yule wa Boneti, akaliangalia kama jirani mbaya. Akatafuta la pili. Akarudi, akatafuta tena.

"Nani amelikausha?"

"Mimi," akasema Mama Mkwe. "Huyu kafuta matairi."

Mkwe wa Pili alikuwa na hotuba nzima kifuani. Akainama, akalifuta tena tairi lililokwisha kukauka.

"Najua," akasema mzee. "Nilikuwa dirishani tangu ulipotoka na hilo tambara lako. Nilisema gari limekwisha." Akapitisha kiganja juu ya mlango bila kuugusa. "Nikamwona na aliyekupa kitambaa."

Kisha akageuka kurudi ndani, na bila kumtazama yeyote akamwambia mkewe:

"Mwambie mwanao avae mkanda wake, aje tule."

Mwanao. Andikeni, enyi wenye kalamu, na msio na kalamu shikeni moyoni. Wapo walioingia miji iliyotekwa juu ya farasi, tarumbeta zikilia. Huyu aliingia kwa mlango wa jikoni, mkono mmoja umeshika suruali, na ndani hapakuwa na mtu aliyeinuka kumpa kiti. Alikivuta mwenyewe.