Matanga ya Chungu cha Kibondo

Jumatatu, 2 Julai 1973. Kibondo.

Mashine imefika! Lori la Kasulu limeishusha mbele ya kituo chetu cha nta. Chuma kitupu, na gurudumu la kuzungusha kwa mikono. Nilivua kofia bila kujijua. Mimi Gharibu, msimamizi wa kituo, sikudhani nitaiona siku kama hii.

Ndugu Hilali, mkubwa wetu wa Kasulu, ameagiza kwamba atakuja Ijumaa. Akiikuta inakamua nta, meza ya Kasulu ni yangu, ile ya karibu na dirisha. Akiikuta imelala, napelekwa kituo cha Nyakitonto, kule porini. Kasema pia nisiwalazimishe kina mama wanaochemsha nta. Niwaongoze kwa huruma. Huruma! Ninayo tele.

Kina mama walitoka, wakaiamkia mashine kwa adabu zote za mgeni, wakaiuliza habari za huko itokako. Kisha wakarudi kwenye chungu chao. Msaidizi wangu Makarius alicheka hadi akaegemea ukuta. Huyo anakitaka kiti changu, najua.

Jumanne, 3 Julai.

Mpango: kulia nao. Nikaketi karibu na moto wao, moshi ukanisaidia, machozi yakatoka vizuri sana. Nikawaambia nayahisi maumivu yao. Theodosia, mkubwa wao, akauliza maumivu yapi. Nikasema yote. Wakanipa ncha ya gunia lenye masega ya moto, tulisokote pamoja nta itoke. Vidole vimeungua. Sikuachia, kwa sababu Makarius alikuwa anatazama.

Theodosia akaeleza kwamba chungu kile kilifinyangwa na marehemu mama yake. Wanakiita kwa jina lake, Ntirampeba. Hawezi kuamka asubuhi na kukitupa tu. Hapo nikapata akili! Nikazima moto, nikakifudikiza chungu, nikatangaza kwamba Ntirampeba amefariki na tutakaa matanga. Hesabu yangu: kilio kidogo asubuhi, mchana wote wako kwenye mashine. Makarius alibaki mdomo wazi. Mimi mwenyewe nilijistaajabia.

Jumatano, 4 Julai.

Wamekaa matanga kweli. Mikeka kituo kizima. Msibani hakuna anayegusa kazi. Niliposogelea gurudumu, mama mmoja, Immakulata, alinishika mkono taratibu akanirudisha chini. Kumbe aliyetangaza kifo ndiye mfiwa! Sinyoi ndevu, sipandi baiskeli. Warina asali wamekuja hadi kutoka ng'ambo ya bonde kunipa pole na kuniuliza marehemu aliugua nini. Nimesema presha. Mke wangu Zena anawapikia maharage watu wote hawa. Hasemi nami.

Lakini jioni, ajabu. Theodosia alisimulia siku paa la kituo liliposhika moto, mama yake akaingia ndani na kukitoa chungu amekikumbatia, nacho kinafuka. Alizikwa na kovu la moto ule kifuani. Warina asali wazima, wanaume wasioogopa nyuki wala chui, walikuwa wanafuta macho. Nami nikajikuta nafuta yangu. Nilisema ni moshi. Baadaye nikakumbuka moto niliuzima jana.

Ijumaa, 6 Julai.

Hilali kafika. Kanikuta chini, ndevu zimeota ovyo, mashine imefunikwa kanga. Akavua viatu, akakaa mkekani, akauliza kwa upole nani amefariki. Makarius akamjibu kwa furaha kabisa kwamba ni chungu.

Nilikuwa nimeshaiona njia ya Nyakitonto, ndipo Theodosia akainuka, akatangaza kwamba matanga yamekwisha. Wote wakanawa. Akaifunua mashine, akakiinua chungu, akatia maji ndani yake na kuimwagia mashine. Kisha akaweka kiganja juu ya chuma.

"Wewe sasa ndiye Ntirampeba," akaiambia. "Karibu, mama. Tufanye kazi."

Wakalishika gurudumu. Nta ikashuka nene, ya manjano, inanukia msitu. Watu walewale walioipita mashine Jumatatu, leo wanaipapasa kama mzazi wao! Sijawahi kuona kitu kama hicho. Hilali alifuta miwani mara mbili.

Akauliza nani aliyebuni matanga. Nikaruka juu! Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema mtu kama mimi ni hasara kumweka mezani. Nyakitonto wameikataa mashine yao kabisa. Niende wiki ijayo. Kiti changu akikalie Makarius.

Jumatatu, 9 Julai.

Niliingia kuchukua mwavuli, nikakuta mikeka. Kofia yangu imewekwa juu ya kiti changu. Nikauliza nani kafariki. Wakaniambia ni mimi.

Wakanililia. Mimi! Theodosia akasimulia jinsi nisivyojua kusokota gunia, na jinsi vidole vilivyoungua nisiachie. Nililia mpaka kamasi. Sikujua kama napendwa hivi. Nikamuuliza kwa nini wamejitaabisha.

"Tunakulilia vizuri, mwanangu," akasema, "ili Makarius akikaa hapo tusimchukie."

Kisha wakamnawisha Makarius na kumpa jina langu. Miaka yote anakitaka kiti, sasa akiitwa Gharibu anaitika. Uso wake ulinifurahisha njia nzima.

Alhamisi, 12 Julai. Nyakitonto.

Huku sipotezi muda, dawa ninayo mkononi. Nilishuka garini, nikaenda moja kwa moja kwa kina mama, nikazima moto, nikakifudikiza chungu, nikatangaza kifo. Salamu zingefuata baadaye. Nimemwambia Zena aanze kuchambua maharage. Hajafungua hata begi lake.

Bibi mmoja aliniuliza kama nalijua jina la marehemu. Nikamwambia jina la nini, bibi, chungu ni chungu. Wakaweka magunia chini wote, wananitazama tu. Nadhani huzuni imeanza kuwaingia.