Utafiti Wangu Kuhusu Wachezaji Gemu wa Kaloleni

Jumatatu, 8 Septemba
Dakta Nthoki anataka utafiti wangu Ijumaa: jinsi wachezaji gemu wa Kaloleni wanavyojadiliana kwenye WhatsApp. Nikikosa, sihitimu Desemba. Na mama ameshatangaza kanisani! Si kitu. Odera, mwenye kibanda cha gemu, ameniingiza kwenye grupu lao. Nitatafiti nikiwa kitandani. Kathini, mwanafunzi mwenzangu, amekwenda kukaa nao kwenye benchi. Maskini, na jua lote hili.

Jumanne, 9 Septemba
Siku nzima, jumbe mbili. "Stima imerudi?" na "Bado." Hawa ni wachezaji au mafundi wa umeme? Kathini anasema maneno wanayo tele, ila wanamalizana pale pale kibandani. Grupu ni la kuulizia stima tu. Nikamwambia asinifundishe kazi.

Jumatano, 10 Septemba
Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama: nimeazima laini tatu za simu kwa binamu zangu. Sasa mimi pia ni Shirleen, Mativo na Gichuru. Odera amewaingiza bila swali. Wamebishana kuhusu penalti hadi vidole vikaniuma. Shirleen ana hoja nzito! Nampenda kidogo.

Alhamisi, 11 Septemba
Balaa. Watu wanatoka grupuni mmoja mmoja. Odera katoka wa mwisho, akaandika: "Wasee, hatuwezi jua stima imerudi juu ya hizi story za Shirleen. Tumehamia kwingine." Kathini yuko huko kwingine tayari. Hapa tumebaki mimi na mimi watatu. Mativo anasema ni wivu.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimewasilisha kurasa arobaini. Dakta akauliza mbona hao watatu hunyamaza pamoja saa saba na kurudi pamoja saa nane. Nikajibu ndio utamaduni wa jamii hiyo. Akaomba namba zao za simu. Nikamkumbuka mama, nikakiri yote. Kathini amepita kwa kurasa kumi na mbili kuhusu stima! Mimi nimepewa wiki mbili za mwisho.

"Muoki," Dakta akasema, "nenda ukazungumze na watu."

Jumapili, 14 Septemba
Ibada nzima nimelitafakari kosa langu. Nimelielewa, na nina amani. Watatu walikuwa wachache. Leo nimeongeza tisa, na kila mmoja ana saa yake ya kula.