Uzinduzi wa Kipimamaji cha Mtandaoni, Ikolo

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wasaidizi wangu wawili. Mheshimiwa dereva wangu. Ndugu watendaji wa vijiji. Viongozi wa dini mliofika na mliotoa udhuru. Wazazi wa Ikolo, wakulima hodari wa mpunga na kokoa: ndaga fijo! (Kicheko. Bibi mmoja: "Mbona unashukuru kabla hatujakupa kitu?")

Asanteni kwa mapokezi. Mimi, Humphrey, Mratibu wa Kanda wa Elimu ya Mazingira Kidijitali, nimesimama kando ya mto wenu kuzindua projekti ambayo, kwa unyenyekevu mkubwa nilionao, haijapata kutokea, ambapo mwanafunzi atajifunza mazingira kwa vitendo, kwa kushika na kugusa, kupitia mtandao, bila kulowa hata kidole. (Makofi ya wasaidizi.)

Nilipofika hapa Jumanne nilikuta nini? Aibu! Nilikuta mwanzi umechomekwa mtoni, umechorwa mistari ya rangi, watoto wanausoma na kuandika kwenye daftari, na eti maji yakifika mstari mwekundu Mwalimu Anyelwisye anagonga kengele na mtu havuki tena. Jamani, karne hii? Mwanzi? Nikaagiza ung'olewe palepale, na badala yake mnaliona lile sanduku la bluu, kipimamaji cha kisasa, kinachotuma data kwenye dashibodi, dashibodi inachakata, inatoa impakti, na kwa takwimu za ofisi yangu wanafunzi waliofikiwa hadi sasa ni asilimia mia moja na kumi na mbili. (Mwalimu Anyelwisye anasimama: "Mheshimiwa, Tukuyu kumefunga. Mvua inapiga kule tangu alfajiri, na maji yake yanashukia huku.")

Kaa chini, mwalimu. Tukuyu ni Tukuyu, hapa ni Kyela, na hapa jua linaniunguza upara. Kungekuwa na hatari, kipimamaji kingepiga king'ora. Kimepiga? Hakijapiga! Ndiyo maana, bila wasiwasi wowote, nimewavusha kwa miguu watoto arobaini wa darasa la tatu hadi ng'ambo ile, wasimame na vishikwambi mikononi, mpiga picha awapate pamoja na mto. Wanapendeza kwelikweli. (Mama Kisa anapiga kelele: "Baba, maji yamebadilika rangi! Mwanangu yuko kule!")

Mama, hiyo rangi ni virutubisho. Msiniharibie itifaki, nimebakiwa na kurasa tisa tu. (Viti vinaanguka. Watu wanakimbilia mtoni, mwalimu mbele.) Ee, naona wananchi mmehamasika kwenda kuishuhudia teknolojia kwa karibu, na huo ndio ushirikishwaji wa jamii tunaouimba kila siku kwenye semina, isipokuwa mngesubiri ratiba.

Basi nihitimishe. Nikisema Mazingira, mnaitikia Kiganjani! Mazingira! (Viti vingine vinaanguka.) Mazingira! (Msaidizi mmoja: "Kiganjani." Mwenzake ameshavua viatu, naye anakimbia.)

Shukrani zangu za dhati zimwendee fundi seremala aliyelipaka sanduku rangi nzuri namna ile, ingawa ndani hatujaweka kitu. Ziwaendee ndugu zetu wa zahanati waliotuazima vishikwambi, ambavyo vitarudi jioni hii hii. Na ziwaendee wafadhili, ambao tutawaandikia andiko la mradi mara tu picha hizi zikitoka vizuri. Kwa wazazi wa darasa la tatu, nasisitiza: mtoto asirudi upande huu mpaka kipimamaji kitoe taarifa.

(Hakuna anayesikiliza. Wazazi wameshikana mikono, maji ya tope yanawafika kifuani, wanawapitisha watoto mabegani mmoja mmoja. Ukingoni Mama Kisa anawahesabu kwa sauti: thelathini na nane, thelathini na tisa. Anaanza upya.)

Asanteni sana kwa kunisikiliza.