Wa Kwanza na wa Pekee Kilimani

Jumamosi, 2 Agosti

Nimekimbia! Mimi, Ghanima, mke wa Jaffar wa duka la vipuri mtaani Buyenzi, mama wa watoto walioshaoa, nimekimbia na klabu ya Kigobe tangu alfajiri. Hijabu kichwani, fulana ya kijani juu ya gauni, viatu vyeupe. Prudence, mwimbishaji wa klabu, anakimbia pembeni mwa mistari ya wakimbiaji akitoa nyimbo za Kirundi, sisi tunaitikia. Maneno mengine sikuyajua. Niliitikia hivyo hivyo. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilicheka mpaka nikakosa pumzi. Furaha tupu.

Rais wa klabu, Honoré, mtumishi wa wizara kama wengi wao, alinivuta mbele kwa picha. Alisema mwanamke wa Kiarabu hajawahi kuonekana kwao. Wakati wa kukimbia nilikuwa nyuma kabisa, karibu na gari la maji linalowafuata wakimbiaji, lakini hilo halionekani pichani.

Jumatatu, 4 Agosti

Honoré amepiga simu. Jumamosi tunapanda kilima cha juu ya Kanyosha. Kileleni itapigwa picha ya bango jipya la klabu. Mimi katikati! Akaniomba nije na wanawake wenzangu wa Buyenzi. Nikasema bila shaka.

Jioni nikapita kwa majirani kutimiza ahadi. Mmoja nikamwambia kilima kinaua magoti. Mwingine nikamwambia kuna nyoka. Wa tatu ana magoti mazuri na hajali nyoka, nikamwambia klabu imejaa. Wanawake wa kwanza wakiwa kumi, hapo hakuna wa kwanza, ni umati tu.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa. Wifi yangu Nura, dada yake Jaffar, ameiona ile picha kwenye simu ya mtu. Akanijia dukani mbele ya wateja: "We Ghanima, mi pia nataka kupanda. Unanificha nini?"

Nura! Ndiye anayeongoza kaswida kwenye Maulidi, sauti yake inavuka mitaa. Akifika kwenye picha, mimi basi. Nikamkumbatia, nikamwambia karibu sana, wifi.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango tayari. Klabu inaondokea Kigobe, kaskazini mwa mji. Nura nimemwambia tunakutana Kanyosha, kusini kabisa, mbele ya soko. Sisi tutapita barabara ya juu, sokoni hatufiki. Atasubiri peke yake, jua litamchoma, atarudi kupika. Jaffar ameniuliza mbona natabasamu. Nimemwambia ni mazoezi, yanafurahisha moyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilisahau jambo ambalo Buyenzi nzima inalijua. Nura haendi peke yake hata kwa fundi cherehani. Na sasa Maulidi inakaribia, ukimwita Nura umekiita kikundi kizima cha kaswida. Walikwenda Kanyosha wote, na madufu yao, na maandazi. Walipoona hatutokei, wakauliza njia ya kilima, wakaanza kupanda. Yule wa magoti alikuwemo. Yule wa nyoka pia.

Sisi tuliotoka Kigobe tulikuwa hoi. Sauti ya Prudence ilikuwa imekauka, mistari imekatika. Mimi nilikuwa nimening'inia kwenye mlango wa gari la maji. Ndipo tukasikia dufu juu. Nura anatoa, wanawake wanaitikia. Prudence akakishika kiitikio, klabu nzima ikamfuata, watu wa wizara wanaitikia kaswida kama wamezaliwa Buyenzi. Nikaachia mlango. Miguu ikaenda yenyewe. Nilipanda nikiimba na machozi yananitoka. Naandika kwa kuwa hakuna anayesoma: sijawahi kuwapenda watu wengi hivyo kwa wakati mmoja.

Kisha ikaja picha. Honoré akamweka Nura katikati. Mapenzi yangu yote yakaishia hapo.

Nura akanishika mkono mbele ya kila mtu, akasema bila mimi wasingefika: "Alijua njia ya Kigobe ni ndefu, akatutuma tuanzie karibu. Huyu wifi ana moyo." Nikapigiwa makofi. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Jumapili, 10 Agosti

Bango limetumwa kwenye kundi la simu. Nimo. Niko pembeni, nusu ya uso imefunikwa na dufu la yule wa nyoka.

Wanawake wamepiga simu tangu asubuhi kuuliza Jumamosi tunavaa nini. Wananiita mama wa kilima. Nura ameleta sahani ya maandazi. Nimeyala yote nikitafakari, na kosa langu nimeliona waziwazi: Kanyosha ilikuwa karibu mno.

Nasikia ziwani kuna klabu ya makasia. Nimepiga simu kuuliza. Mwanamke wa Buyenzi hajawahi kuonekana kwao. Nimejiandikisha papo hapo. Kuogelea sijui, lakini Nura nimeshamwambia kuwa siku ya makasia nitakuwa mbali, msibani Gitega.