Nimshtaki Mwajiri Wangu Eldoret au Aberdeen?

Langas, Eldoret
Agosti 1984

Kwa Bwana Mhariri wa ukurasa wa sheria,

Natumaini u mzima na mashine zako za chapa zinazunguka. Mimi ni mzima wa mwili, ila kazi sina.

Kwa miaka mingi nilimtunzia ng'ombe Mzee Mburu, mwenye shamba kule Moiben. Fahali wake, Meja, nilimlea kwa chupa baada ya mamake kufa, na huzungumza naye Kijaluo kwa kuwa ndiyo lugha ninayojua kubembelezea. Siku ya maonyesho ya kilimo hapa mjini, Mzee alitaka kumwongoza mwenyewe mbele ya wageni waheshimiwa. Akamwita kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, hata kwa Kiingereza. Meja akalala chini. Mgeni mmoja akacheka, halafu wote. Nikanong'ona, "Bi ka," yaani njoo hapa. Meja akainuka na kunifuata, akimburuta Mzee matopeni na suti yake.

Jioni hiyo nikafutwa kazi kwa kosa la kuchochea mifugo iasi uongozi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikuchochea. Meja ni mwaminifu kabisa, ila hakuielewa hotuba.

2. Mkataba wangu unasema shauri lolote lisikizwe na mahakama ya Aberdeen, huko Skotlandi. Mzee alinunua shamba kwa mzungu wa huko, pamoja na ua, bwawa na rundo la karatasi tupu za mkataba wa wafanyakazi, akaona ni hasara kuzitupa. Karani wa mahakama hapa Eldoret, Bwana Kituyi, aliusoma kwa heshima akasema, "Bwana Ogola, naona hapa sisi hatutoshi." Nikamweleza kwamba kazi niliifanyia Moiben, nikafukuzwa Eldoret, na Mzee Mburu hajapanda ndege maishani. Akanishauri niulize wanaojua. Ndiyo maana nakuuliza.

3. Ikiwa ni Aberdeen, basi Mzee Mburu anisafirishe nikamshtaki. Naye aje, maana si adabu kumshtaki mtu nyuma ya mgongo wake. Tutahitaji makoti.

4. Shahidi wangu ni Meja. Apande meli, na mahakama itafute mkalimani wa Kijaluo.

Mke wangu Adero anasema kinachoniuma si kazi, ni Meja.

Nisalimie wapiga chapa, jamaa zako nyumbani, na yeyote hapo ofisini aliyewahi kufutwa kazi.

Wako, ninayetafuta mahakama,
Johnstone Ogola

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Mzee Mburu ameingia hapa kwangu. Amekunywa chai yote ya Adero bila kutaja maonyesho. Mwishowe akasema, "Ogola, hali kitu tangu uondoke." Nikauliza kama ni Meja. Akasema ni Meja, na hata yeye mwenyewe hali, maana mkewe, Mama Nyaguthii, amekataa kumpikia mpaka nirudi. Ameleta mkataba mpya: shauri lolote ataliamua yeye mwenyewe, na rufaa itakwenda kwa Mama Nyaguthii. Nimetia sahihi upesi, kabla hajatambua alichoandika. Barua hii tafadhali usiichapishe.